Kidonda Nacho Chataka Kula

Kuna Jumatatu moja, mwanangu, naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na harusi yangu haikuwa ndogo, ilifunga njia nzima hapa Kibokoni. Jumatatu hiyo nilikuwa nimesimama katika chumba cha kufungia vidonda, nimemshika mkono binti yangu Zuhura aliyekuwa na miaka sita, nikamdanganya muuguzi mchana kweupe. Na aliyeniumbua ni mtoto wangu mwenyewe. Keti nikusimulie, wewe uliyeacha mtoto mwenye kidonda nyumbani, na ukiona sauti yangu inapanda usinitazame hivyo. Kila nikilisimulia jambo hili huona kana kwamba limetukia jana, na mimi ni mtu wa kelele tangu kuzaliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi kwa wakwe. Mume wangu alifanya kazi Liwatoni, kwenye vyumba vya barafu vya kuwekea samaki. Mama mkwe wangu, Bi Aziza, Mungu amrehemu, alikuwa mrefu, mkimya, na akikutazama tu unakumbuka kosa ulilolifanya mwaka juzi. Nilimheshimu, lakini nitakwambia kweli: zaidi ya kumheshimu nilimwogopa.

Ijumaa moja asubuhi nilikuwa nakaanga mahamri. Zuhura akaja mbio kutaka hamri la kwanza, akateleza, akagonga karai, na mafuta yakamwagikia mguu wa kushoto kuanzia juu ya goti mpaka karibu na kifundo. Kilio kile siwezi kukusimulia. Mimi niliganda pale pale na kijiko cha matundu mkononi. Bi Aziza ndiye aliyembeba, akauweka mguu chini ya mfereji wa maji akaushikilia hapo muda mrefu, akamfukuza jirani aliyekuja na dawa ya meno ya kupaka, kisha akaniambia nivae buibui twende hospitali. Hakuniambia neno la lawama. Afadhali angenitukana.

Hospitali walimsafisha, wakamfunga, wakatuambia kuna sehemu zimeungua kwa kina. Tuwe twampeleka zahanati kila baada ya siku mbili akafungwe upya. Tukaandikiwa dawa za maumivu. Na daktari, huku anaandika bila kuinua kichwa, akasema, "Na mumlishe vizuri."

Mumlishe vizuri! Mwanangu, maneno hayo niliyasikia yote, nikayaitikia, "Ndiyo, daktari," kama mtu anayeambiwa nisalimie nyumbani. Kabla sijafika mlangoni yalikuwa yameshanitoka.

Jioni wakaja wanawake kumjulia hali mgonjwa. Hakuna nyumba ya Mji wa Kale inayougulia peke yake, na hilo namshukuru Mungu. Walikuja na pole zao, na machungwa yao, na miiko yao. Huyu akasema samaki asipewe, kidonda kitawasha. Yule akasema yai ndilo baya zaidi, litatunga usaha. Wa tatu, mwanamke mwema kabisa, akasema maharagwe na kunde humjaza mtoto gesi, na gesi hukimbilia kwenye kidonda. Machungwa waliyoyaleta wenyewe wakasema nisimpe, ni makali, yatakichimba. Wote walikuwa na nia njema. Nao waliambiwa na mama zao, na mama zao waliambiwa na wengine, na kawaida ni kama sheria.

Lakini usidhani nawatupia wao lawama. Mimi nilikuwa na hatia kifuani mzigo mzima. Mtoto wangu ameungua jikoni kwangu, kwa mafuta yangu, mbele ya mama mkwe wangu. Nilitaka nionekane mama anayejali, na njia rahisi ya kuonekana unajali ni kukataza. Nikaishika miiko yao yote, na mingine nikaibuni mwenyewe. Maziwa nikayafuta kwa sababu ni meupe kama usaha. Nani aliniambia hivyo? Hakuna! Ni mimi tu na woga wangu.

Basi Zuhura akawa anakula nini? Uji mwepesi wenye chumvi, asubuhi na jioni. Kipande cha mkate na chai ya rangi. Mchana wali mkavu kidogo. Na huku baba yake kila siku anarudi kutoka Liwatoni na kikapu cha samaki. Leo changu, kesho tasi, keshokutwa dagaa wabichi wanang'aa. Penye miti hapana wajenzi! Sisi tunaketi mkekani kuzunguka sinia moja, samaki amepakwa nazi na ndimu harufu inafika barazani, na mtoto wangu kitandani nyuma ya pazia na kikombe chake cha uji. Alikuwa akiuliza, "Mama, na mimi?" Nikimjibu, "Mwiko, mama. Kidonda kitawasha." Baada ya wiki moja akaacha kuuliza. Nikafurahi kwamba amekuwa mtiifu.

Bi Aziza alikuwa akiona yote. Hakusema kitu. Mara moja tu alikitazama kile kikombe cha uji, akafungua mdomo, akaufunga. Kimya chake nilikichukua kuwa ni radhi.

Wiki tatu zikapita. Kidonda kilikuwa kisafi, hakina harufu, homa hana, tena hatujakosa siku hata moja ya kwenda kufungwa. Lakini kilikuwa kimelala tu. Kimepauka, kimelowa, kingo zake haziji mbele wala nyuma. Zuhura naye alikuwa amepungua, mashavu yameshuka, nywele zimekuwa kavu, mchana kutwa amelala. Tukafika ile Jumatatu. Daktari wa zahanati akaja akainama, akatazama, akamwomba muuguzi apime kwa utepe wake wa karatasi, akaguna.

"Nawapa wiki mbili," akasema. "Kikisogea, vizuri. Kisiposogea, nitamwandikia aende hospitali kubwa akapandikizwe ngozi. Watachukua ngozi ya paja la pili waiweke hapa."

Kupandikiza ngozi si jambo baya, mwanangu, nisikutishe. Kumewaokoa watoto wengi, na daktari akikwambia ni lazima, usibishane naye. Lakini mimi nililisikia paja la pili tu. Mguu mzima, mzuri, ambao sikuuchoma, nao ukatwe!

Daktari akatoka, tukabaki na muuguzi. Tulikuwa tukimwita Sista Kadzo, mama wa Kigiriama kutoka upande wa Kaloleni, Mkristo, msalaba mdogo shingoni, amebakiza muda mfupi astaafu. Mikono yake ilikuwa myepesi ajabu. Alikuwa akilowesha bendeji, anaibandua taratibu, huku anazungumza na mtoto mambo ya paka. Akaniuliza bila kuniangalia, "Mama Zuhura, mtoto yuala nini nyumbani?"

Nikapandisha mabega. "Yuala vizuri, Sista. Samaki, mayai, maziwa, matunda. Hatumnyimi kitu."

Wallahi sijui uongo ule ulitoka wapi ukiwa umepangwa vizuri namna ile. Na Zuhura, kwa sauti yake nyembamba, akasema, "Mama, mimi sili samaki. Samaki ni mwiko. Mimi nala uji."

Mficha maradhi kilio humuumbua, wahenga walisema, na kilio changu kilikuwa na miaka sita na nywele za mabutu. Nilisubiri kufokewa. Sista Kadzo hakufoka. Alimaliza kufunga bendeji, akaibandika plasta, akampa Zuhura boksi tupu la plasta achezee, kisha akanikalisha, akavuta kiti akaketi mbele yangu, magoti kwa magoti.

"Nyumba yenu pale Kibokoni ni ya mawe?"

"Ya mawe, Sista."

"Ukuta ukibomoka, fundi hutengeneza na nini?"

"Mawe na chokaa."

"Ukimpa ndoo ya maji matupu?"

Nikatikisa kichwa.

"Kidonda ndicho hicho. Mwili wa mtoto unajenga nyama mpya na ngozi mpya, na huku yeye mwenyewe bado anakua, kwa hiyo kuna ujenzi mara mbili. Aliyeungua hutaka chakula zaidi ya alivyokuwa mzima, si kidogo zaidi. Mimi namfunga kitambaa safi, hiyo ndiyo kazi yangu, nazuia uchafu usiingie. Lakini kitambaa hakijengi. Wewe ndiye mwenye mawe, na mawe umeyafungia jikoni."

"Lakini Sista, samaki si huwasha?"

"Kidonda huwasha kikianza kupona, hata ungekula majani. Wako watoto mmoja mmoja ambao mwili wao haupatani na samaki au yai. Huyo akila huvimba midomo, hutoka vipele, na mama yake ashajua kabla ya kuungua. Zuhura alikuwa akila samaki?"

"Kila siku ya Mungu."

"Akivimba?"

"Hata."

"Basi samaki amewakosea nini?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo nalishangaa, kwamba mtu asiyekuwa wa dini yangu wala wa mtaa wangu alikijua kilichomo nyumbani kwetu kuliko mimi.

"Ulipomzaa huyu, siku zako arubaini ulikaa kwa nani?"

"Kwa mama mkwe."

"Akikupa nini?"

Nikamhesabia. Supu ya kuku wa kienyeji yenye pilipili manga. Mayai. Samli. Nyama ya mbuzi. Maziwa asubuhi na usiku. Samaki mpaka nikachoka.

"Na ulikuwa na jeraha au huna?"

Nilikuwa nimeshonwa, mwanangu! Nilikuwa na jeraha, na kwa siku arubaini wazee wetu walinilisha kila kitu nilichokuwa namnyima mwanangu, na jeraha langu likafunga, halikuwasha, halikutunga usaha. Na si mimi tu. Wavulana wakitahiriwa huchinjiwa kuku. Mila yetu yenyewe ilikuwa inajua! Ilikuwa inajua siku zote!

"Nenda kamwulize mama mkwe wako," akasema Sista Kadzo akiinuka. "Umwulize, si umwambie. Kuuliza si ujinga."

Nilimfunga Zuhura mgongoni kwa kanga nikatoka mbio. Jua la saa sita lilikuwa kali, lakini nakuapia sikulihisi. Watu walinisalimia vichochoroni nikawapita, mimi ambaye nikikutana na mtu sabalkheri yangu peke yake huchukua dakika tano. Furaha na woga vilikuwa vinapigana ndani yangu. Nimelijua lililokosekana, lakini mlango wa kulipitia ni mmoja, nao ni Bi Aziza, na itanibidi nimwambie kwamba nilisema uongo, tena mbele ya mtoto.

Nilimkuta ukumbini anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona watweta? Mwana ana nini?"

Nikamwaga yote. Paja la pili, uongo wangu, maneno ya Zuhura, fundi na chokaa, siku arubaini. Nikamalizia, "Mama, naomba ruhusa yako. Najua ni mwiko wenu, lakini nataka nimpe samaki."

Bi Aziza akauweka ungo chini polepole.

"Mwiko wetu?" akasema. "Mwiko wa nani?"

"Wako, mama. Mbona ulinyamaza?"

"Mimi n'kanyamaza kwa kuwa nalidhani daktari ndiye alokataza! Nimekuona kila siku wamkataza mwana samaki, n'kasema nafsini mwangu, huyu kasoma, kaambiwa hospitali, nikimwingilia ataniona mkwe mbaya. Wiki tatu nauma ulimi! Usiku nalala namwona mwana yuala uji ule mweupe, silali."

Tukatazamana. Mimi nimemwogopa yeye, yeye ameniogopa mimi. Kila mmoja amemheshimu mwenziwe sana, na katikati ya heshima zetu mbili mtoto amekaa na njaa. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote. Na Bi Aziza, mama yule ambaye sikuwahi kumwona meno, akaangua kicheko mpaka mtandio ukamdondoka, kisha akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Basi," akasema akisimama. "Ndoo twende jikoni. Nipa kile kinu. Na umtume mtu kwa mumeo, leo alete changu mkubwa, na mayai apitie sokoni. Siku kumi na nne? Tutaona!"

Wewe! Ungeiona nyumba ile! Njugu zikakaangwa zikatwangwa zikatiwa kwenye uji, na maziwa, na uji ukawa mzito wa kusimamisha kijiko. Mchicha ukapikwa kwa nazi. Boga likachemshwa. Pojo, yaani choroko, zikawekwa motoni, na mbaazi zikaroweshwa kwa ajili ya asubuhi. Machungwa yaliyokuwa yamekaa kabatini yananyauka yakatolewa yakakamuliwa. Mimi nilikuwa napepea makaa huku naimba.

Kisha tukampelekea Zuhura sahani, na Zuhura akageuza uso ukutani.

Hakutaka. Wiki tatu za uji zilikuwa zimemuua hamu. Alikula kijiko kimoja cha yai akasema ameshiba, akalala. Nilimbembeleza, nikamtishia, nikamwahidi mwanasesere. Kesho yake vilevile. Siku mbili kati ya kumi na nne zimekwenda, na mimi nimeketi na sahani iliyopoa mapajani, nikajua kwamba kumnyima mtoto ni rahisi, kumrudisha ndiyo kazi.

Bi Aziza ndiye aliyeijua dawa. Siku ya tatu mchana aliingia chumbani, akalivuta pazia pembeni, akasema, "Mtoto huyu hana haja ya sahani. Mleteni siniani."

Tukamweka mkekani, mguu juu ya mto, mgongo wake kifuani kwa baba yake. Sinia likaja, wali wa nazi, mchicha, na changu mzima katikati. Hakuna aliyemwambia kula. Bi Aziza alitusimulia kisa cha paka aliyeingia msikitini, na huku anasimulia, kidole chake kinachambua samaki, kinatoa miba, kinasukuma minofu kidogo kidogo mpaka upande wa Zuhura, kama afanyiwavyo mgeni wa heshima. Kila mtu anakula, kila mtu anacheka. Nikauona mkono wa mwanangu unanyooka. Akaumega wali, akaufunga na samaki, akatia mdomoni. Kisha tena. Mume wangu alikuwa analia juu ya kichwa chake bila sauti, na mimi niliinama ndani ya sinia wasinione.

Tulikuwa tumemtenga, mwanangu. Tulidhani tunamlinda, na mtoto aliona amefukuzwa miongoni mwa watu. Mtoto hali chakula peke yake, hula na watu.

Tangu hapo ikawa haba na haba hujaza kibaba. Tumbo lake lilikuwa dogo, hatukulijaza kwa mara moja. Alikula mara sita kwa siku, kidogo kidogo: uji wa njugu alfajiri, mbaazi na hamri moja saa nne, sinia la mchana, papai au pera alasiri, yai jioni, maziwa kabla ya kulala. Maji tulimpa kutwa. Chai ya rangi Sista alituambia tuiondoe kwenye chakula, huuzuia mwili usichukue faida ya chakula chenyewe. Dawa ya maumivu tulimpa kama ilivyoandikwa, maana mtoto anayeumwa hali.

Jumatatu iliyofuata tulipokwenda, utepe ulisema vilevile. Nilivunjika moyo. Lakini Sista Kadzo akanivuta karibu. "Tazama rangi," akanong'ona, na hata yeye sauti ilikuwa imemchangamka. Pale palipokuwa pamepauka palikuwa pamegeuka pekundu, kama ndani ya pera lililoiva. "Damu imefika. Mafundi wameingia kazini."

Ziara iliyofuata, kingo zilikuwa zimesogea upana wa punje ya mchele. Punje ya mchele! Nilitoka pale nikawaambia watu wote wa mtaani, mpaka muuza kahawa, kwamba kidonda cha mwanangu kimesogea punje ya mchele. Ziara ya baadaye, punje tatu. Zuhura mwenyewe akaanza kuuliza, "Leo zimekuwa ngapi?" Mashavu yalikuwa yamerudi. Siku moja nilimkuta anaruka kwa mguu mmoja ukumbini, nikamkemea kwa mdomo na moyoni napiga makofi.

Siku ya kumi na nne tulikwenda sote watatu, Bi Aziza amevaa buibui lake la Idi. Bado niliogopa. Kupungua ni jambo moja, kumridhisha daktari ni jingine. Sista akafungua bendeji. Daktari akainama. Sista akapima. Daktari akamwambia, "Pima tena." Akapima tena. Niliuminya mkono wa mama mkwe wangu, naye akauminya wangu.

"Haendi," akasema daktari. "Hiki kitafunga chenyewe. Sijui mmefanya nini, lakini endeleeni."

Bi Aziza, mwanamke yule mkimya, akapiga kigelegele. Ndani ya zahanati! Kigelegele kirefu, cha harusi, mpaka askari wa mlangoni akaja mbio na rungu, na wanawake waliokuwa kwenye foleni, wasiojua hata kuna habari gani, wakakiitikia. Sista Kadzo alikuwa ameshika utepe wake wa karatasi, anacheka na kulia, anasema, "Mama, hapa kuna wagonjwa!" Na Bi Aziza akamkumbatia, msalaba na yote.

Zuhura sasa ni mama wa watoto watatu. Kovu analo, ngozi yake pale ni nyororo na ina rangi nyingine kidogo. Lakini paja la pili halina hata alama.

Sasa sikiliza, kwa sababu siku hizi miiko haiji tena kwa mdomo wa jirani, huja kwa simu, imeandikwa vizuri, na anayeituma hata hamfahamu mwanao. Mtoto akiwa na kidonda, awe ameungua, amekatwa au amepasuliwa, usimpunguzie chakula, mwongezee. Mpe kinachojenga: samaki, yai, kuku, maziwa, na kama mfuko ni mwepesi, dagaa, pojo, kunde na njugu hufanya kazi hiyo hiyo bila kujivuna. Mpe mboga za majani, boga na viazi vitamu. Mpe chungwa, pera, embe, papai. Usiogope nazi na mafuta kidogo kwenye chakula, mwili unaojenga unataka nguvu. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na umlishe kati ya watu. Na chakula kisikufanye uiache zahanati. Ukiona homa, harufu, usaha, au wekundu unatambaa, usingoje kesho, nenda. Na kama kweli kiko chakula kinachomdhuru, mwambie muuguzi, atakutafutia badala yake.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili, na ndilo linalonifanya nipaze sauti. Sikukosa samaki. Sikukosa daktari, wala mkwe mwema. Nilikosa kuuliza, na nilipoulizwa nikakosa ukweli. Nilikuwa nikiulisha woga wangu kila siku ukashiba, na aliyelipa ni mtoto. Aibu ya kusema "sijui" hupita kabla hujafika nyumbani. Sema mbele ya muuguzi, sema mbele ya mkweo, na ukiwa wewe ndiye mkubwa na unaona kosa, usiume ulimi kwa adabu.

Haya, nenda, mtoto asikae na njaa kwa ajili ya hadithi zangu. Mola akuondolee hofu mikononi unapopakua. Akupe majirani wengi na masikio ya kuchagua maneno yao. Afunge kila jeraha la mwanao, lionekanalo na lisiloonekana, na akujaalie kulisikia lile neno ambalo katika nyumba yenye mgonjwa hakuna wimbo unaolifikia: "Mama, niongeze." Amin.